Kiu Haiuzwi kwa Pakiti

Kila msimu wa joto unapoingia mwambao, kati ya Desemba na Machi, makundi ya WhatsApp ya familia hupokea tangazo la aina moja. Mzee mwenye mvi anatabasamu, mkononi ana bilauri ya kinywaji cha rangi ya chungwa, na chini yake kuna maneno ya kumtia mtoto hofu: mzazi wako anaishiwa maji bila wewe kujua, mpe elektroliti. Pakiti hizo za unga wa chumvichumvi wa kuchanganya na maji zimeshaingia kwenye maduka ya dawa, vijana wa biashara ya mtandao wanazipeleka mpaka mlangoni, na ndugu walioko Muscat, London au Minnesota wanazifunga kwenye masanduku pamoja na multivitamini za bibi. Huko Marekani biashara yenyewe imenona kiasi kwamba mwaka 2020 Unilever, kampuni tunayoijua kwa sabuni, iliinunua Liquid I.V., kampuni ya unga wa kuchanganya na maji.

Wengi wanaliona wimbi hili kuwa heri. Kwamba hatimaye tumeanza kujali maji ya wazee ni jambo jema, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye jibu tulilouziwa. Mzee wa kawaida aliyepungukiwa maji hakupungukiwa kwa sababu amekosa chumvi, wala magnesiamu, wala vitamini. Amepungukiwa kwa sababu anakunywa kidogo, na kunywa kidogo kuna sababu zake ambazo pakiti hazizigusi kabisa. Na pale ambapo mzee anahitaji chumvi kweli, dawa yake tunayo tangu miaka ya 1970, inapatikana mpaka kwenye zahanati ya kijijini, na wala si kirutubisho.

Tuanze na mwili wenyewe. Maji ni takriban asilimia 60 ya uzito wa kijana wa kiume. Kwa mzee hushuka hadi karibu nusu ya uzito wake, hasa kwa sababu misuli, ambayo ndiyo ghala kubwa la maji mwilini, imepungua. Figo za kijana zikiona maji yamekuwa machache huyabana na kutoa mkojo mzito. Uwezo huo hufifia kadiri umri unavyosonga. Lakini kubwa kuliko yote ni kiu. Mwaka 1984 watafiti wa Oxford walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililokuja kuwa maarufu: waliwanyima maji kwa saa 24 wanaume wazee wenye afya njema na vijana, kisha wakawaachia wanywe watakavyo. Damu za wazee zilionyesha kwamba miili yao ilihitaji maji zaidi, lakini wenyewe hawakuhisi kiu kama vijana, na walipopewa maji walikunywa kidogo kuliko wao. Hawa walikuwa wazee wazima, wasio na sukari, wasio na kiharusi, waliokuwa na maji mbele yao. Kwa hiyo mzee anapokwambia "sijisikii kiu, mwanangu," hakudanganyi. Kengele yenyewe ndiyo haigongi.

Sasa kuna tofauti moja ambayo wauzaji hawaigusi, na nadhani wengi wao hawaijui. Madaktari wanatenganisha hali mbili ambazo sisi huziita zote kuishiwa maji. Ya kwanza ni ya mtu aliyekunywa kidogo kwa siku kadhaa. Huyu amepoteza maji kuliko chumvi, kwa hiyo damu yake imekuwa nzito, na chumvi iliyomo imekolea kupita kiasi. Kipimo chake kinaitwa osmolaliti ya damu, na ikizidi milimosmoli 300 kwa kilo mtu huyo amepungukiwa maji. Hali ya pili ni ya mtu aliyeharisha, aliyetapika au aliyevuja damu. Huyu amepoteza maji na chumvi kwa pamoja, na kumpa maji matupu peke yake hakutoshi. ESPEN, chama cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa barani Ulaya, kimeliweka jambo hili wazi kwenye mwongozo wake wa lishe ya wazee: aliyekunywa kidogo apewe vinywaji anavyovipenda, na maji ya chumvichumvi au vinywaji vya wanamichezo si tiba yake, aliyeharisha au kutapika ndiye anayehitaji maji yenye chumvi. Ukimpa elektroliti mzee wa hali ya kwanza, unaongeza chumvi kwenye damu ambayo tayari imekolea chumvi. Maji aliyochanganyia unga ndiyo yaliyomsaidia. Unga umepata sifa isiyo yake.

Nisieleweke kwamba nadharau chumvichumvi. ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na glukosi unaokorogwa kwenye maji na kunywewa, ni moja ya hadithi nzuri kabisa za tiba ya karne iliyopita. Mwaka 1971, vita vya ukombozi wa Bangladesh vilipowamwaga mamilioni ya wakimbizi nchini India na kipindupindu kikaingia kambini, chupa za dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa wa kambi ya Bangaon maji yaliyochanganywa chumvi na glukosi wanywe kwa kikombe, huku ndugu zao wakiwanywesha. Vifo vikashuka sana. Mwaka 1978 jarida la The Lancet liliandika kwamba huenda huo ulikuwa ugunduzi muhimu kuliko wote wa tiba katika karne hiyo. Sisi wenyewe tumeuona uwezo wake kipindupindu kilipoibuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani. Kwa mzee anayeharisha, pakiti ya ORS inaweza kuwa mpaka kati ya kitanda cha nyumbani na kaburi, na anayesubiri kwanza aende mjini kutafuta chapa ya kigeni anachezea uhai wa mzazi wake.

Lakini dawa hupimwa. Fomula ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, linaitumia tangu 2002 ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu katika lita moja. Piga hesabu na utapata takriban miligramu 1,725 za sodiamu. Shirika hilohilo linamtaka mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku nzima, yaani chini ya gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Maana yake ni kwamba mzee mwenye presha anayekunywa lita moja ya ORS kila siku "kwa ajili ya kinga" amekaribia kumaliza posho yake ya chumvi kabla hajala dagaa, kabla hajatia kitoweo mdomoni. Pakiti za kisasa nazo hazina mkono mwepesi: kipakiti kimoja cha LMNT ya Marekani kina miligramu 1,000 za sodiamu. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetoka jasho la mazoezi makali na anayekula vyakula visivyo na chumvi nyingi. Bibi wa miaka 78 anayeshinda barazani akichambua mchele si mtu huyo.

Watetezi wa pakiti wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ladha. Mzee akichoka na maji matupu, kitu chenye ladha ya limau kinaweza kumfanya amalize bilauri ambayo vinginevyo ingebaki kando ya kitanda mpaka jioni. Hoja hii naikubali. Huko Uingereza kijana anayeitwa Lewis Hornby, baada ya bibi yake mwenye ugonjwa wa kusahau kulazwa kwa kuishiwa maji, alibuni vidonge laini kama peremende ambavyo asilimia 95 yake ni maji. Bibi ambaye hakumbuki kunywa hukumbuka kula peremende. Huu ni ubunifu wa akili, lakini tazama kinachofanya kazi hapo: ni maji yaliyopewa sura inayovutia. Ndimu iliyokamuliwa kwenye jagi, juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, uji mwepesi, mchuzi wa samaki, kipande cha tikiti, chungwa lililomenywa tayari: vyote vinafanya kazi hiyohiyo. Ndiyo, na chai pia. Bado kuna wanaowakataza wazee chai na kahawa kwa madai kwamba vinakausha mwili. Kwa vikombe vya kawaida si kweli. Mwongozo wa ESPEN unavihesabu miongoni mwa vinywaji vya kufikia lita 1.6 kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume kwa siku.

Hoja ya pili ni ya kisayansi zaidi. Mwaka 2016 watafiti walilinganisha vinywaji 13 ili kuona kipi kinakaa mwilini kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutoka kama mkojo. ORS na maziwa viliyashinda maji matupu. Chai, kahawa na soda havikutofautiana nayo. Wauzaji wanaipenda sana nusu ya kwanza ya matokeo hayo. Wanasahau kusema kwamba waliopimwa walikuwa wanaume vijana wenye afya, ambao hawakuwa wamepungukiwa maji, na kwamba walifuatiliwa kwa saa chache tu. Wanasahau pia kwamba maziwa yalifanya vizuri sawa na ORS. Kama kweli mtu anataka kinywaji kinachokaa, kikombe cha maziwa kinampa mzee protini anayoihitaji, na hakijapanda ndege kutoka Marekani.

Ya tatu ni joto, nayo nainyamazia kidogo kwa sababu ina uzito. Hija ya mwaka 2024, ambapo joto la Makka lilipita nyuzi 50, Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu waliokwenda bila vibali na kutembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mapumziko, wakiwemo wazee na wenye maradhi ya muda mrefu. Mtu anayetoka jasho kwa saa nyingi katika hali hiyo anapoteza chumvi kweli, na maji ya chumvichumvi yana nafasi yake. Mzee anayejiandaa kwa Hija azungumze na daktari kuhusu hilo. Ila msimu wa joto wa Tanga au Mombasa, kwa mzee aliyekaa kivulini, haufanani na siku ya Arafa juani, na tangazo linalovichanganya viwili hivyo linacheza na hofu zetu.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayouza zaidi, inasema hivi: ni virutubisho, ni vitu vya asili, visiposaidia havidhuru. Hapa ndipo pa kusimama na kubishana. Magnesiamu ikizidi hulegeza tumbo. Ndiyo maana hospitali huitumia kama dawa ya kufungua choo. Vitamini C ikipita gramu 2 kwa siku huharisha wengi. Vitamini D ikizidishwa kwa muda mrefu hupandisha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikipanda mtu hukojoa mpaka akauke. Chai za "kusafisha mwili" mara nyingi zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha kwa jina lolote utakaloliita. Vidonge vya kuyeyuka kwenye maji vinatoa povu kwa sababu ya bikaboneti ya sodiamu, na baadhi vina mamia ya miligramu za sodiamu kwa kidonge kimoja. Potasiamu inayosifiwa kwenye pakiti ni hatari kwa mzee anayetumia dawa za presha na moyo kama enalapril, losartan au spironolactone, kwa kuwa dawa hizo tayari huizuia potasiamu isitoke mwilini, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Tahadhari hiyohiyo inalihusu dafu letu: glasi moja inaweza kuwa na miligramu 400 hadi 600 za potasiamu. Kwa mzee mwenye figo nzima dafu ni neema. Kwa mwenye figo zilizochoka, aulize kwanza. Kwa hiyo mtu anaweza kabisa kuwa ananunua kinga ya kuishiwa maji kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anameza kinachomkausha.

Kuna na jambo dogo ambalo linanichekesha na kunikera kwa pamoja. Wauzaji hao hao wa multivitamini huwaambia watu wapime hali ya maji kwa kutazama rangi ya mkojo. Riboflavini, yaani vitamini B2, huugeuza mkojo kuwa wa njano kali inayong'aa. Mzee anayemeza kidonge asubuhi na kuangalia mkojo mchana anasoma rangi ya kidonge. Na hata bila kidonge, kwa wazee kipimo hicho hakitegemeki. Mwaka 2015 Lee Hooper wa Chuo Kikuu cha East Anglia na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu dalili za kuishiwa maji kwa wazee, mapitio yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, na hawakupata dalili moja inayoweza kutegemewa peke yake: si rangi ya mkojo, si ukavu wa mdomo, si kuifinya ngozi ya mkono kuona kama inarudi haraka. Ngozi ya mzee imelegea kwa umri, itachelewa kurudi hata akiwa amekunywa ndoo. Kinachotegemeka ni damu. Na hapa hatuna kisingizio cha umaskini wa vifaa, kwa sababu pale ambapo mashine ya kupima osmolaliti haipo, inaweza kukadiriwa kwa hesabu kutokana na sodiamu, potasiamu, sukari na urea, vipimo ambavyo maabara ya hospitali ya mkoa huvifanya kila siku.

Nilimtembelea mwaka jana mama mmoja wa Pangani, mjane, ambaye watoto wake wanampenda na hawamfichi mapenzi hayo. Kando ya kitanda palikuwa na kikapu cha plastiki kilichojaa pakiti za ladha tatu, kopo la unga wa glukosi na chupa ya vitamini iliyoandikwa kwa Kiingereza. Juu ya stuli kulikuwa na jagi la lita mbili lililojaa pomoni. Nilipomuuliza mbona hanywi, akanionyesha vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi: jagi halinyanyuki. Kisha akashusha sauti, maana mjukuu wa kiume alikuwa mlangoni, akasema choo kiko nyuma ya nyumba, ngazi ni mbili na usiku hakuna taa. Kwa hiyo ikipigwa adhana ya alasiri anaacha kunywa mpaka kesho. Alikuwa na mpango, tena mpango wa akili: akili yote ameielekeza kwenye kukwepa kuanguka.

Ukiwakalisha wazee kumi na kuwauliza bila haraka, majibu ya namna hiyo ndiyo utakayoyapata. Mwanamume mwenye tezi dume anapunguza maji ili alale. Mwanamke asiyeweza kuzuia mkojo anaona haya kulowanisha godoro la mkwe. Mwenye presha amepewa dawa ya kukojoza, hydrochlorothiazide au furosemide, na siku ya kwenda kwenye harusi au kliniki hanywi kitu tangu alfajiri kwa kuwa daladala haisimami kila anapotaka. Mahali ambapo maji ni ya kununua kwa ndoo, bibi anajibania ili wajukuu waoge. Wengine wamepungua kula, na chakula nacho hutuletea karibu sehemu moja ya tano ya maji ya siku, kwa hiyo anayekula wali mkavu vijiko vitatu amepoteza na hayo. Na Ramadhani inapoingia wapo wanaofunga kwa nguvu za imani huku mwili ukiwa hauwezi tena, ilhali Qurani yenyewe, Surat al-Baqara aya ya 184, imewapa nafuu wasioweza: fidya, kumlisha maskini kwa kila siku. Nimewasikia masheikh wakilieleza hili vizuri sana. Ni sisi watoto tunaoona haya kumwambia baba apumzike.

Ufaransa ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Agosti 2003 wimbi la joto liliua huko watu karibu 15,000 zaidi ya kawaida, wengi wao wakiwa wamepita miaka 75. Nchi ile haikuwa na uhaba wa maji wala wa maduka ya dawa. Wazee wengi walikuwa peke yao, majirani na watoto wako likizo, na hakuna aliyebisha hodi. Hatua zilizofuata zinafundisha: mwaka 2004 serikali iliweka mpango wa taifa wa joto, mameya wakatakiwa kuwa na daftari la wazee waishio peke yao ili wapigiwe simu na kutembelewa joto linapopanda, na nyumba za kutunzia wazee zikatakiwa kuwa na angalau chumba kimoja cha ubaridi. Walijibu kwa watu na kwa vyumba. Na hata pale penye watu wa kulipwa kazi haijaisha: watafiti wa East Anglia walipopima damu za wazee kwenye nyumba za matunzo za Uingereza walikuta takriban mmoja kati ya watano amepungukiwa maji, katika majengo yenye bomba, jokofu na wahudumu wa zamu. Kinachokosekana humo ni muda wa mtu kukaa na mzee mpaka kikombe kiishe.

Wapo watakaosema kwamba nawaonea wauzaji wadogo, na kwamba mtoto aliyeko ughaibuni hawezi kuwa kando ya kitanda. Pakiti ndiyo mkono wake mrefu. Naelewa. Lakini fedha hizo zina matumizi mengine. Pensheni Jamii ya Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa Sh20,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Inua Jamii ya Kenya iliwapa wazee wa umri huo Sh2,000 za Kenya. Sanduku moja la pakiti 30 za chapa ya Kimarekani linavipita viwango vyote viwili kwa mbali. Kiasi hicho hicho kinaweka taa ya sola njia ya chooni, kinanunua ndoo ya choo ya chumbani yenye mfuniko, kikombe chepesi chenye vishikio viwili, na kinabaki cha kumpa chochote binti wa jirani apite saa nne na saa tisa amnyweshe bibi chai. Sioni aibu kutaja ndoo ya chumbani gazetini. Imeokoa nyonga nyingi.

Katika hospitali nako tuna tabia inayohitaji kusahihishwa. Mzee anafika amelegea, ndugu wanadai "aongezewe maji", na asipotundikiwa chupa wanaona hajatibiwa. Kuna wakati dripu ni lazima, mzee akiwa amezimia au hawezi kumeza. Lakini chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ya hospitali ina gramu 4.5 za chumvi, na kwa mwenye moyo dhaifu chupa mbili za haraka zinaweza kuyapeleka maji kwenye mapafu. Kisha anaruhusiwa, anarudi kwenye jagi lilelile lisilonyanyuka. Swali ambalo sijasikia likiulizwa kwenye dirisha la wazee ni rahisi: mama, choo chako kiko wapi? Likiulizwa hilo, litafuata la pili, dawa ya kukojoza unaimeza saa ngapi? Mara nyingi daktari anaweza kuihamishia asubuhi ili usiku uwe wa kulala. Lakini huo ni uamuzi wa daktari; anayeiacha mwenyewe kwa sababu ya joto anaweza kurudi hospitali kwa miguu kuvimba na pumzi kukata. Na mzee mwenye moyo au figo aliyewekewa kiwango cha maji na daktari wake afuate kiwango hicho, si lita zangu za hapa juu. Anayetumia dawa za kukojoza za aina ya thiazide hasa asishindiliwe maji matupu kwa fujo, kwani sodiamu yake inaweza kushuka kuliko inavyofaa, naye huchanganyikiwa kama yule yule aliyekauka. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kutaka damu ipimwe badala ya kubahatisha.

Upande wa sheria, Marekani tangu 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila kibali cha awali, tena imeweka utaratibu mzima kwa msingi huo, na sisi tunapokea mzigo uliokwisha kupita mlango huo mpana. Kwetu Tanzania, usimamizi wa vyakula ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuka kuwa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Pakiti inayouzwa kama chakula huku tangazo lake likisema inazuia ugonjwa imekaa katikati ya meza mbili. Sipendekezi zipigwe marufuku. Marufuku huzihamishia chini ya kaunta. Napendekeza mambo mawili yanayowezekana. Kwanza, kiasi cha sodiamu na potasiamu kiandikwe mbele ya pakiti, kwa Kiswahili, pamoja na onyo kwa wenye presha, moyo na figo. Pili, anayetangaza kwamba bidhaa yake inazuia kuishiwa maji kwa wazee atakiwe kuonyesha majaribio yaliyofanywa kwa wazee, siyo kwa vijana wa mazoezi. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mpya wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024 na ambao tayari wanabisha hodi kuwapima watoto na kuwafuatilia wajawazito, waongezewe mstari mmoja kwenye fomu kwa kila nyumba yenye mtu wa miaka 60 na zaidi: amekunywa nini tangu asubuhi, na nani alimpa.